Kifuniko cha Wageni

Nilianguka. Nimeliandika neno hilo mwanzoni kabisa ili nisipate ujanja wa kulikwepa njiani, maana nimelikwepa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila aliyeniuliza kuhusu siku ile katika kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa kule Izigo nilimjibu kwamba niliinama. Niliinama kukagua mashine kwa chini. Nilimwambia mama yangu hivyo, nikamwambia padri (nje ya kitubio, kwa hiyo naamini haihesabiki), na niliwahi kulirudia mbele ya ukumbi mzima wa wasimamizi wa viwanda, nikiwa nimeshika chaki. Sikuinama. Nilianguka kama mkungu uliokatwa na mtu asiyejua kukata.

Wakati huo nilikuwa mkaguzi wa viwanda, mwajiriwa wa serikali, mwenye digrii ya chuo kikuu, mkoba wa ngozi na viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali. Viatu hivyo nilivinunua Dar es Salaam mwaka nilipomaliza masomo, na nilivivaa kazini kwa kuwa niliamini mkaguzi mfupi haogopwi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka Bukoba na Muleba nikiwaambia watu wavae viatu vinavyofaa.

Kwetu mgeni wa heshima hapokelewi kwenye sakafu tupu. Anatandikiwa nyasi. Hukatwa alfajiri zikiwa na umande, zikatandazwa chumba kizima, na mgeni akiingia anakanyaga ubichi na harufu yake, anajua kwamba kuna mtu ameamka mapema kwa ajili yake. Msimamizi wa kiwanda cha Izigo alikuwa amepata barua yangu wiki moja kabla, maana ofisi yetu ilikuwa na adabu ya kubisha hodi kwa barua. Alipoisoma hakuona ukaguzi; aliona ugeni. Akawaita wanawake waliokuwa wakichambua kahawa, wakakata nyasi, wakatandika chumba chote cha mashine kuanzia mlangoni hadi kwenye injini. Halafu, kwa kuwa nilichelewa, wakazinyunyizia maji zisinyauke.

“Karibu, Ndugu Mkaguzi,” msimamizi alisema, akinipa mikono miwili. “Karibu ndani, waitu.”

Waitu ni neno letu la heshima. Ukimwita mtu hivyo umemfanya wa kwenu. Nikaingia kama wa kwao. Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Hatua ya pili nikafungua daftari. Ya tatu nikafungua kinywa niseme kwamba sakafu ya kiwanda lazima iwe kavu, na kabla sijafika kwenye neno “kavu” nilikuwa nimelala ubavu chini ya meza ya kuchambulia, raizoni moja mguuni, nyingine mlangoni.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Injini iliendelea kupiga, wanawake waliendelea kuchambua, na baada ya kitambo uso wa msimamizi ukainama chini ya meza.

“Pole, waitu.”

“Pole ya nini? Nakagua mashine kwa chini.”

Alifikiri kidogo. “Basi kagua taratibu,” akasema. Akaenda akaleta kiatu changu, akakiweka karibu na mkono wangu kama mtu anayemwekea mgeni maji ya kunawa.

Sasa, kwa kuwa nilikuwa nimeshasema nakagua, ilinibidi nikague. Na hapo chini niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika ziara zangu zote za kusimama. Mkanda mkubwa uliotoka kwenye injini kwenda kwenye mashine ya kukoboa ulikuwa na kifuniko cha bati, kama sheria inavyotaka. Ukisimama, kifuniko kilipendeza. Kilipakwa rangi ya kijani na hakikuwa na hata mkwaruzo. Ukilala, uliona kwamba hakina boliti hata moja. Kilifungwa kwa kamba za mgomba, mafundo mawili, kama unavyofunga ndizi za kuivisha. Na upindo wa kanga ya mama aliyekaa mwisho wa benchi ulikuwa umening’inia shibiri moja tu kutoka kwenye mkanda unaokimbia.

Nikatoka chini ya meza, nikajipangusa, nikatafunishwa kahawa kavu kama mgeni yeyote, nikarudi Bukoba na mkungu wa ndizi kwenye lori. Usiku huo sikuandika habari ya kamba za mgomba. Ningeandikaje? Kila atakayesoma angeuliza nimezionaje. Niliandika kwamba kifuniko kipo, kimepakwa rangi, hali ya kiwanda inaridhisha. Ndiyo taarifa niliyoionea aibu kuliko zote nilizowahi kuandika, na niliiandika kwa mwandiko mzuri sana.

Nilikaa na kamba zile kichwani wiki nzima. Niligundua kwamba katika miaka yangu yote ya ukaguzi sikuwa nimewahi kuona kiwanda. Nilikuwa nimeona viwanda vikiwa vimevaa nguo za Jumapili. Barua inatangulia, nyasi zinatandikwa, mafuta yaliyomwagika yanafunikwa gunia, na mimi napita juu ya vyote hivyo nikiwa na kalamu. Hakuna aliyekuwa ananidanganya. Hakuna mtu wa kwetu anayemwonyesha mgeni paa linapovuja.

Nikaamua niache kazi ya serikali, niwe mshauri wa usalama kazini, wa kwangu mwenyewe, bila muhuri. Kiwanda kitakachonihitaji kitaniita, nitakaa nao kama mtu wa kazi, na nikiona kamba ya mgomba nitaambiwa kwa nini ipo. Kwa kazi ya namna hiyo hapakuwa na jina. Nilitafuta jina siku mbili, nikaandika katika barua ya kuomba kuacha kazi kwamba ninataka kuwa “mshauri wa kujitegemea”. Niliona nimepiga shabaha, maana neno kujitegemea lilikuwa kwenye kila ukuta, kila gazeti na kila hotuba.

Mkuu wangu aliisoma barua mara mbili. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja.

“Ndugu,” akasema, “kujitegemea ni kwa taifa. Na kijiji, sawa. Mtu mmoja akijitegemea peke yake anaitwa jina jingine.”

“Jina gani?”

“Sijui. Lakini si zuri.”

Hakunifukuza wala hakunikubalia. Alinipa likizo ya miezi mitatu bila malipo, na sharti moja. Kama ndani ya miezi hiyo kiwanda kimoja, kimoja tu, kitamwambia yeye mwenyewe kwamba kinanitaka, bila kuogopeshwa na sheria, atasaini barua niende zangu kwa heri. Kama hakuna, nitahamia Tabora, kwenye chumba cha mafaili, ambako alisema kuna kazi nyingi ya kupanga vitu kwa herufi.

Nilikwenda Ijuganyondo kumweleza mama. Nilimkuta kibanjani, kati ya migomba yake, juu ya ngazi ya miti, akikata majani makavu kwa panga.

“Mae, shuka kwanza. Hiyo ngazi imelegea.”

“Imelegea toka baba yako akiwa hai. Sema.”

Nikasema, nikiwa nimeshika ngazi. Akasikiliza huku akikata.

“Kwa hiyo kazi yenyewe ni nini?”

“Kuwaambia watu wasiumie.”

“Hiyo hata mimi naifanya. Nawaambia kila siku. Nani ameniajiri?”

“Ni utaalamu, Mae. Nimeusomea.”

“Nshomile,” akasema, akaangusha jani kichwani pangu. Nshomile maana yake nimesoma. Ndivyo tunavyotaniwa Wahaya popote tulipo, na ndivyo tunavyotaniana wenyewe. “Umesoma mpaka ukafika mwisho, sasa unarudi. Haya, niambie mtaalamu, huko Tabora kuna ndizi?”

“Sidhani.”

“Basi mtafute mtu wa kukuita upesi. Sitakuja kukutembelea mahali pa ugali kila siku.”

Ofisi niliipata mjini, kwenye kona ya duka la mkate. Mwenye tanuri alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja Bukoba kutoka Pangani na hakurudi tena, kwa sababu, alivyosema mjukuu, alioa kabla ya kuuliza njia. Mzee huyo alikuwa na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho: simu. Tulikubaliana nitumie kona na simu yake, na mimi nimtazamie tanuri. Nilimshauri arefushe mti wa koleo lake la mikate, maana mikono yake yote miwili ilikuwa na alama za moto hadi viwikoni. Alirefusha. Siku ya kwanza akalirudisha nyuma bila kutazama, akapasua kioo cha dirisha.

“Bibie,” akaniambia, “mkono wangu umepona. Sasa tumshauri nani kuhusu dirisha?”

Alilipokea jukumu la simu kwa uzito mkubwa kuliko nilivyomwomba. Ikilia tu, anafuta unga mikononi, anakohoa, anasema, “Ofisi ya Mshauri.” Mtu wa upande wa pili anauliza kama mkate umetoka. Ilikuwa hivyo mwezi wa kwanza wote.

Niliandika barua kwa viwanda vyote nilivyovifahamu. Hakuna aliyejibu. Mwezi wa pili nikaamua kwenda mwenyewe, bila kuitwa, nikafika hadi Kimwani, ambako kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga. Mwenyekiti alikusanya watu. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na nyasi, safari hii nilizikanyaga kwa kisigino nikiwa na viatu vya chini. Nikahutubia saa nzima juu ya mikanda, vumbi la unga, na nguo zinazoning’inia. Nilikuwa mzuri, niliwaona wakitikisa vichwa. Nilipomaliza mwenyekiti akasimama, akanishukuru kwa maneno ya moyoni, kisha akauliza kwa niaba ya wote:

“Na dizeli inakuja lini?”

Mashine ilikuwa haijawashwa toka Pasaka. Walikuwa wakinivumilia ili nifike kwenye habari ya dizeli.

Nilirudi nikicheka peke yangu ndani ya lori, kicheko cha mtu anayejiona tayari yuko Tabora, ameshafika herufi ya K. Lakini njia ya kurudi inapita Izigo, na lori lilipopunguza mwendo hapo nilikumbuka mafundo mawili ya kamba ya mgomba na upindo wa kanga. Nikagonga bodi la lori, nikashuka.

Msimamizi alinikuta mlangoni. Alishtuka, alitazama sakafu yake tupu, akaitazama miguu yangu.

“Hukuandika barua, Ndugu Mkaguzi.”

“Si mkaguzi tena. Nimekuja kuchambua kahawa.”

“Kuchambua?”

“Siku nne. Kama kuna nafasi kwenye benchi.”

Akatazama mbali kama anayehesabu iwapo hilo ni jambo la kuruhusiwa na kamati. “Nafasi ipo mwisho,” akasema. “Lakini ukae vizuri. Hapo chini umeshapakagua.”

Nikajifanya sikusikia.

Siku ya kwanza wanawake walinionea haya. Niliketi karibu na yule mama wa mwisho wa benchi, mwenye umri wa mama yangu, ambaye vidole vyake vilitoa kahawa mbovu kwenye ungo kama kuku anavyodonoa, bila kukosea. Mimi nilitoa nzuri nikaacha mbovu. Adhuhuri alikuwa ameshanihurumia. Jioni aliniambia nitalala kwake, na kwamba mtu aliyesoma namna ile bila kujua kahawa mbovu ni hasara kwa waliomsomesha.

Siku ya pili nikaacha kuwa mgeni. Nilijua kwa ishara moja. Asubuhi, kabla injini haijawashwa, wanawake wawili walikifungua kifuniko cha kijani, wakakipangusa, wakakivisha gunia safi, wakakitundika ukutani juu ya msumari. Mbele yangu, bila hata kunitazama. Mkanda ukaanza kukimbia ukiwa wazi.

“Mama,” nikamuuliza jirani yangu, “mbona kimetolewa?”

“Kile? Kile ni cha wageni.”

Aliyasema hayo kama mtu anayekueleza habari ya vikombe vya maua vya kabatini. Kila nyumba ya kwetu ina kikombe ambacho wenyewe hawanywei. Kiwanda nacho kilipopewa kifuniko kizuri, cha rangi, kilichotoka mbali, walikitunza kama vikombe. Waliogopa kitaharibika. Jana nilipoingia walikifunga upesi kwa ajili yangu. Leo nimekuwa wa nyumbani, hakuna haja ya kukichosha.

“Na upindo wako wa kanga?” nikauliza.

“Mmh.” Akaniinulia upindo. Ulikuwa umeraruka pindo lote, umetafunwa. “Huyu mnyama ananijua. Ananionja tu.”

Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka, kisha nikaacha, kwa sababu upindo ule nilikuwa nimeuona kabla ya kutafunwa na nikaandika hali inaridhisha.

Hapo ndipo shahada yangu ilipotaka kuhutubu. Nikaifunga mdomo. Nikaanza kuuliza, jambo ambalo chuoni tulifundishwa kwa wiki moja tu. Nikaambiwa, kidogo kidogo, siku ya pili na ya tatu, huku vidole vikifanya kazi, kwamba uzuri haukuwa sababu pekee. Kifuniko kilikuwa kizito, na kiliziba tundu la kutilia grisi. Ukitaka kutia grisi unafungua boliti nane. Boliti zilichoka, zikapotea moja moja. Aliyekitengeneza hakuwahi kutia grisi maishani mwake, wakasema, au alikuwa na wake wengi wa kumtilia.

Siku ya nne tulikibeba kwa mhunzi. Ilinibidi nimshawishi msimamizi asubuhi nzima, maana kukata kitu cha wageni ni kama kutoboa kikombe cha kabatini. Mhunzi akakata kidirisha, akakiwekea bawaba, ukubwa wa mkono wa mtu na kopo la grisi. Boliti hazikupatikana popote, akafua pini nne za chuma. Tulipokirudisha, yule mama akatia mkono kwenye kidirisha, akatoa, akatia tena, akakifunga kwa kishindo.

“Sasa kinafaa hata kwa watu,” akasema.

Ikabaki habari ya nyasi. Nilimwambia msimamizi kwamba chumba cha mashine kisitandikwe tena, awe anakuja nani.

“Hata waziri?”

“Waziri hasa.”

“Mgeni asimame juu ya saruji kama kuku?”

“Mtandikie barazani. Akae, atafune kahawa, aheshimiwe hapo mpaka atosheke. Akitaka kuingia ndani aingie kama mfanyakazi.”

Nyasi zilikuwa neno zito kuliko kifuniko. “Sitaweza kusema peke yangu,” akasema. “Kamati itakaa.”

“Itakaa lini?”

“Itakapokaa.”

Nikamweleza sharti la mkuu wangu na siku zilizobaki. Alisikiliza kwa huruma, akanipa mkungu wa ndizi.

Kamati haikukaa wiki ile, wala iliyofuata. Nilikaa kwenye kona yangu nikinusa mikate. Mama alikuja mjini siku ya soko, akatazama meza yangu, akatazama simu, akaniuliza kama inalia yenyewe au inapigwa kwanza. Mwenye tanuri alianza kunisomea habari za Tabora kutoka kwa dereva mmoja aliyewahi kupita huko: maembe yapo, asali ipo, watu wake wastaarabu. Nilipoona hata yeye ananifariji nikajua mambo ni mabaya.

Siku ya mwisho ya likizo ilikuwa Ijumaa. Nilifungasha mkoba wangu wa ngozi, nikaweka na raizoni, nikifikiri kwamba chumba cha mafaili hakina nyasi. Mzee alikuwa anajiandaa kwenda msikitini; alikuwa ameshavaa kanzu na hakutaka unga. Simu ikalia. Akakohoa, akaishika kwa vidole viwili.

“Ofisi ya Mshauri.” Akasikiliza. “Hapana, mkate umekwisha... A, samahani, mkubwa.” Akanipa mkono wa simu, akasahau msikiti, akasimama hapo hapo.

Alikuwa mkuu wangu.

“Ndugu,” akasema, “nimepigiwa simu na mtu kutoka Muleba. Alikuwa posta, mstari mbaya, tumepiga kelele mpaka makarani wametoka vyumbani. Anasema kamati imekaa.”

“Imesemaje?”

“Nyasi zimehamia barazani. Sijui nyasi zipi. Nimeandika tu kama alivyosema. Anasema pia kiwanda cha jirani wamekuja kukiangalia kidirisha, nao wanataka. Wanakuomba kwangu, rasmi. Nikamwuliza, mnamtaka mkaguzi gani, maana nimewatuma wengi huko. Akasema wanamtaka yule aliyeanguka.”

Mwenye tanuri, ambaye sikio lake lilikuwa karibu na simu kuliko langu, aliziba mdomo kwa kofia yake.

“Nikamwuliza mara mbili,” mkuu akaendelea. “Akasema wengine wote walipita wima. Ndugu, wewe ulianguka wapi? Katika taarifa yako sikuona.”

“Sikuanguka, mkubwa. Niliinama kukagua mashine kwa chini.”

Kwenye waya palikuwa na mvumo mrefu. Nilimsikia akivua ile miwani yake ya uzi na kuiweka mezani.

“Sawa,” akasema. “Basi yule aliyeinama apitie hapa kabla ya saa tisa. Barua yake nimeshaisaini.”